Safari ya Mto Iliyonisimamisha Mlangoni pa Mume Wangu

Nina miaka arobaini na mitatu, mjane, mama wa watoto wawili, na ninaishi Nyamira katika boma nililoolewa. Wasomaji wenzangu, msinihurumie kabla hamjanisikia. Wengi huandika kulalamika walivyotendwa. Mimi ndiye niliyetenda!

Nilikuwa nikifanya kazi mjini Kisii, katika ofisi ya kuuza safari za nje. Mume wangu, Baba Moraa, alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu wa maneno machache. Siku moja kampuni ya meli ikatualika mimi na bosi wangu tukajionee safari tutakazowauzia wateja... siku saba kwenye mto Douro, nchini Ureno, kupita mashamba ya kale ya zabibu na miji ya zamani. Mimi wa Nyamira, ambaye hata Ziwa Victoria nilikuwa nimeliona mara mbili tu!

Majirani walimwambia mume wangu kwamba mke wa mtu hapelekwi ng'ambo na mwanamume mwingine. Aliwajibu kwamba mke wake ni mtu mzima. Akaninunulia koti zito la mtumba, akanipigia nguo pasi mwenyewe. Ni wangapi kati yenu wamepata mume wa hivyo?

Mto wenyewe ulikuwa mzuri, sitadanganya. Miteremko imekatwa matuta hadi juu, imejaa mizabibu kama kwetu ilivyojaa chai. Tulishuka kwenye miji yenye makanisa ya mawe na vichochoro vilivyolainishwa na nyayo za watu wa karne nyingi. Kila tuliposhuka tulimiminiwa mvinyo. Siku mbili za kwanza nilikataa. Ya tatu nikaonja... ni adabu tu, bosi alisema, wenyeji wasije wakaudhika.

Ijumaa jua likizama, saa ile ambayo nyumbani tunaifungua Sabato kwa wimbo, nilikuwa juu ya meli na glasi mkononi, nikicheka kila alichosema bosi. Yaliyofuata mnayajua. Sikulazimishwa. Wala sikulewa kiasi cha kutojua. Nilitaka!

Jumapili asubuhi wifi yangu akanipigia simu akilia. Mti aliokuwa akiukata Baba Moraa kando ya shamba ulikuwa umemwangukia. Mbavu zilivunjika, alikuwa amelazwa Kisii, na alikuwa akiniulizia.

Nilifika Jumanne, saa ya kuona wagonjwa. Kama wewe si Mkisii, acha nikueleze jambo. Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Mke aliyetoka nje ya ndoa akimkaribia mumewe aliyeumia, mume hufa. Nyanya yangu aliyenilea alinifundisha hivyo kabla sijavunja ungo. Kanisani tunasema hayo ni ya giza. Diploma ninayo, pasipoti ninayo... lakini nilipofika mlango wa wodi, miguu ilikataa!

"Ingia, mwanangu, anakungoja," mama mkwe aliniita kutoka kando ya kitanda.

Nikasema nimepata mafua kwenye ndege, sitaki kumwambukiza. Siku ya kwanza waliamini. Siku ya pili wifi akanitafutia barakoa, nikasema haitoshi. Siku ya tatu mama mkwe hakuniita tena. Alinitazama miguu tu, jinsi nilivyokuwa nikikikwepa kizingiti, kisha akageuza uso. Hapo nilijua amejua. Kwetu, mke anayekataa kuingia kwa mume mgonjwa amekwisha kuungama mbele ya watu wote.

Kuna njia ya kutakaswa, wazee wanaijua. Lakini lazima useme, na umtaje mwanamume. Mimi, mke wa mzee wa kanisa, nimtaje bosi wangu mbele ya wakwe? Niliona aibu. Aibu, jamani!

Jioni hiyo simu yangu ililia nikiwa kwenye benchi la nje, hatua ishirini kutoka kitanda chake. Alikuwa Baba Moraa.

"Nisimulie huo mto," akasema.

Nikamsimulia zabibu, makanisa, na jinsi meli inavyofungiwa langoni mwa bwawa hadi maji yaiinue juu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida.

"Mama Moraa, ingia tu. Mimi najua. Hiyo ya kufa niachie mimi."

Nililia hadi nikaziba mdomo kwa leso. Msamaha nilikuwa nimepewa, bila hata kuuomba! Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Kesho, Baba Moraa. Kesho nitaingia." Niliogopa nisije nikamuua.

Kesho yake asubuhi niliingia. Kitanda kilikuwa kitupu. Daktari alinieleza kwamba mapafu yalijaa damu, na kwamba hata ningekuwa pale tangu siku ya kwanza angekufa tu. Alidhani ananifariji...

Kazi niliacha. Bosi hakuja mazishini. Mama mkwe hakunifukuza bomani, ila chai yangu hanywi mpaka leo. Na Moraa wangu, wa kidato cha nne, aliniuliza mara moja tu: "Mama, kwa nini hukuingia?" Nilijifanya natafuta kitu jikoni.

Dada zangu, msisafiri na tamaa mnayojua mnayo, mkidhani ugenini hakuna macho. Lakini kama mmekwisha kuteleza, nawasihi: semeni! Semeni mapema, hata mkipigwa, hata mkirudishwa kwenu. Na mtu wako akiwa kitandani, nenda ukamshike mkono. Usiache woga wala mila vikuamulie. Mume wangu aliniita nikiwa hatua ishirini kutoka kwake, nikamwambia kesho.