Sauti Iliyofukuza Tembo

Jioni hiyo mayowe ya Waitara hayakuishia pale yalipoishia siku zote. Agustina alikuwa kibarazani akichambua mboga. Aliyajua mayowe yale kama alivyoijua njia ya kisimani: "Kaka! Kaka, ananiua!" kishindo, mfupa kuvunjika, kisha kimya. Safari hii, baada ya kimya, sauti iliongeza neno.

"Gift."

Kisu kilimtoka mkononi. Waitara, mumewe, alikanyagwa na tembo kijijini Robanda, kwenye shamba lile lile yalikotoka mayowe, wakati mimba ya Gift ingali changa. Hakujua hata kama angezaliwa mtoto wa kike, sembuse jina lake.

Tuseme ukweli, aliyelileta balaa ni Simioni, kaka wa marehemu. Ndugu yake alikufa wakiongea kwa simu, na simu ya Simioni hurekodi kila mazungumzo. Simioni alikuwa pia na amplifaya kuukuu, ya kusikilizia sinema, aliyopewa na kambi ya watalii alikokuwa akifanya kazi. Miaka yote aliitunza kama ng'ombe wa mahari: kitambaa cha kufuma juu yake, brashi ya kuipangusa vumbi, fyuzi za akiba ndani ya kopo la kahawa. Spika alizitundika kwenye miti pembeni mwa shamba, akawatisha tembo kwa muziki, kisha kwa mlio wa nyuki. Tembo wakazoea, wakawa wanakula huku wakisikiliza. Msimu wa njaa ndipo alipoyatia mayowe ya ndugu yake kwenye flashi, na tembo wakageuka mbio. Tangu hapo, kila mahindi yalipokomaa, marehemu aliuawa upya jioni kwa jioni, na magunia yakajaa ghalani.

"Shemeji, mwache apumzike," Agustina alimwomba mara nyingi.

"Hayo mayowe ndiyo ugali wenu," Simioni alimjibu. "Unataka mwanao ale nini, machozi?"

Alipoambiwa kuhusu lile jina, alicheka. Kesho yake mbwa wao alikutwa katikati ya mahindi, mbavu zimesagwa, matumbo yametandazwa juu ya mabua. Ardhini hapakuwa na unyayo wa tembo hata mmoja. Palinuka waya ulioungua.

Simioni aliacha kucheka, lakini hakuacha kuwasha. Naye Gift, ambaye hakuwahi kumjua baba yake kwa kitu kingine ila yale mayowe, akaanza kwenda kukaa chini ya spika.

"Baba anasema niende," alimwambia mama yake.

Agustina alipanda bodaboda hadi mjini Mugumu kwa Shehe Faridu, fundi cherehani anayesifika kwa dua. Hata Wakristo humwendea, ila wao hupitia mlango wa nyuma. Shehe alikuja siku ile ile, akasimama mbele ya amplifaya, jasho likimtiririka.

"Aliyekufa haiti mtu, binti yangu," alinong'ona. "Mmetangaza kilio miaka yote hii, na jini amekifuata. Zimeni. Ichomeni flashi. Mahindi ya mwaka huu muyaache yaliwe."

"Yaliwe?" Simioni alidakia. "Shehe, nivune kwanza. Nikishavuna, chomeni hata nyumba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jua lilipoanza kushuka, Shehe akiwa amekwisha kuondoka, Simioni aliwasha. Agustina alichukua shoka, akalishusha juu ya amplifaya, cheche zikaruka. Simioni alimkaba koo akambamiza ukutani, akambamiza tena, damu ikamchuruzika Agustina puani. Kisha wote wawili wakaganda.

Mashine ilikuwa imepasuka vipande viwili, na nje mayowe yalikuwa yakiendelea.

Gift alikatiza uani akikimbilia mahindini. "Gift! Gift, rudi kwa mama!" Agustina alipiga ukelele mpaka sauti ikakwaruza, naye Simioni, ambaye pamoja na ubishi wake wote alimpenda mtoto yule, alimpita mbio akazama kwenye mahindi, na mabua yakaanza kulala kushoto na kulia kwake kana kwamba kundi zima linapita ilhali hapakuwa na mnyama yeyote, akamdaka mtoto, akamrusha kwa mama yake, na kabla hajageuka kitu kisichoonekana kilimnyanyua kwa kiuno, kikamkunja kinyumenyume hadi uti wa mgongo ukalia, kikambwaga chini, kikamnyanyua tena, kikambwaga tena, mpaka damu ikawa inadondoka kutoka kwenye majani na yeye hana tena umbo la mtu.

Walizika walichokiokota. Flashi ilichomwa, spika zikapondwa, Shehe akasoma dua kwenye pembe zote za shamba. Tembo hawakurudi. Mahindi yalikauka pale pale bila mvunaji.

Agustina aliamua kuhamia Mugumu. Siku ya safari, saa za mchana, alisimama barabarani na mizigo yake, amemshika Gift mkono, wakisubiri bodaboda. Ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka mahindini, laini, imekwaruza kidogo.

"Gift, rudi kwa mama."

Ilikuwa sauti ya Agustina mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa umefumba. Mtoto aliinua uso akamtazama kama mtu asiyemjua, akaanza kuuvuta mkono wake kwa nguvu.

"Niachie!" alilia kwa hofu. "Mama ananiita."