Mueni Ni Nani?

—Mueni ni nani?

Baya ndio kwanza alikuwa anatoka bafuni, taulo kiunoni, maji yakimchuruzika mgongoni. Alisimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari. Kahonzi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado amevaa gauni lake la kanisani, simu ya mchumba wake mkononi.

—Nimekuuliza, Baya. Mueni ni nani?

—Umeifungua simu yangu?

—Imelia yenyewe. Nilidhani ni yule mtu wa mahema ya harusi, kumbe ni mwenzangu. Ngoja nikusomee.

Akasoma:

"Baya usinisahau. Tangu siku ile uliponishika mkono naishi kwa ahadi yako. Nijibu hata neno moja. Mueni."

Kahonzi alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Kakuyuni, zahanati ambayo haijawahi kuona umeme. Baya na mwenzake Njenga walikuwa na duka la paneli za sola Malindi mjini, na mzigo mkubwa uliokuwa njiani ndio ungewasha taa pale zahanati. Baya mwenyewe alisafiri ng'ambo kukagua kiwanda cha paneli hizo. Tangu arudi alikuwa mtu mwingine. Chakula alikigusagusa tu. Ukimuuliza habari za harusi anajibu "sawa" hata pale pasipo na sawa. Kahonzi alikuwa akijiambia ni uchovu wa safari. Sasa alijua, au alidhani anajua.

—Umempata huko huko ulikokwenda?

—Ndiyo.

—Umelala naye?

—Haki ya Mungu, sikulala naye.

—Sasa ahadi gani unampa mwanamke, na mimi mahari yangu wazee wameshaipokea?

Baya akajiachia sakafuni na taulo lake, akaanza kulia. Kahonzi hakuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika babake.

—Amefungwa, alisema.

—Amefungwa wapi?

—Kiwandani. Kile kinachotengeneza paneli zetu.

Maneno yakamtoka kwa shida.

—Unakumbuka siku ile uliyonipigia simu, ukaniuliza habari za mikeka ya harusi? Nilikuwa ndani ya kiwanda, nikakujibu kwa Kiswahili. Kulikuwa na wasichana wanafuta vioo. Mmoja akatupa kitambaa, akanijia mbio. "Kaka, wewe Mkenya? Mimi ni wa Kibwezi. Tuliambiwa tunakuja kufanya kazi hotelini. Wametunyang'anya pasipoti, tunafungiwa, mshahara hatuujui. Ukienda kupumzika unapigwa." Nikamshika mkono, nikamtia kadi yangu ya biashara kiganjani. Nikamwambia nitakutoa. Msimamizi akaja akamburuta kwa kola. Kahonzi, yule ni mdogo hata kuliko Pola wenu.

Pola alikuwa mdogo wake Kahonzi, wa mwisho kuzaliwa. Kahonzi aliona haya kwa kilichompitia moyoni: alifurahi. Si mpenzi wake! Kidogo acheke. Halafu swali likamjia.

—Hayo yalikuwa kabla ya kusaini mkataba wa mzigo, au baada?

Nje jirani alikuwa akikuna nazi, kwaru, kwaru.

—Baya.

—Kabla.

—Ulimwona akiburutwa, halafu ukasaini?

—Asubuhi yake.

—Heri angekuwa hawara wako. Hawara ningejua la kumfanya.

—Nilikuwa nakufikiria wewe! Baya akapaza sauti. Kabibi alikufa mikononi mwako. Ulikuwa ukimzalisha huku unamulika kwa simu, damu hukuiona mpaka imefika mlangoni. Nani alikaa na wewe ukilia? Nikasema nikiziacha paneli za bei hii, zahanati ile haipati taa maisha.

—Usimtaje Kabibi! Usinifanye mimi ndiye sababu!

Kahonzi akainakili namba ya Mueni, akatoka hadi uani, akaandika kwa simu yake mwenyewe:

"Mimi ni Kahonzi, mchumba wa Baya. Ameniambia yote. Tukisema, wewe utapatwa na nini?"

Alisimama pale mpaka jirani akamaliza nazi zake. Jibu likaingia:

"Dada naandika kwa simu ya kuficha. Watatupiga na kutuhamisha. Msiposema tutazikwa hapa. Semeni. Naitwa Mueni Mutinda. Mama yangu anauza maembe Kibwezi sokoni, mwambieni niko hai. Semeni dada."

Kahonzi akaandika tena. Ujumbe haukufika. Akapiga, namba haipatikani.

Kesho yake aliandamana na Baya hadi dukani. Njenga aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani.

—Shemeji, hebu kaa kwanza. Mnataka tukatae mzigo ambao uko baharini tayari? Hapa kuna mafundi wana familia. Na hiyo simu uko nayo, unajua ni nani aliitengeneza?

—Sijui.

—Unaona sasa?

—Hiyo sijui, Njenga. Hii najua. Najua mpaka mahali anapouzia mama yake.

—Haya. Tukikataa, wale watauzia mtu mwingine. Msichana hatoki, na zahanati yako inabaki na giza. Hapo nani amesaidika?

Kahonzi akamtazama Baya. Akinyamaza hapa, alijiambia, basi hakuna harusi.

—Mimi nasema, Baya alijibu, macho chini. Niliyoyaona nitayasema yote, na jina langu nitalitaja.

—Utavunja hii duka.

—Na livunjike.

Njenga hakuwa mtu mbaya. Akasema polepole:

—Mimi nina mtoto chuoni. Mimi siwezi.

Wakaachana hapo. Baya alikwenda Mombasa, akatoa taarifa kwa maofisa wa bandari, akaupeleka ujumbe wa Mueni kwa watu wanaowatetea wafanyakazi walioko ng'ambo. Mzigo ulizuiwa bandarini. Duka likafungwa. Harusi ikaahirishwa, na Kahonzi hakusema mpaka lini.

Kazi ngumu ilikuwa Kakuyuni. Kina mama walikusanyika kwenye baraza ya zahanati wakitarajia kuambiwa siku ya kuwashwa taa. Kahonzi aliwaeleza. Wa kwanza kusimama alikuwa mama yake Kabibi.

—Shikamoo, mama, Kahonzi alimwahi.

—Marahaba, mwanangu. Huyo binti wa watu, Mulungu amfungulie. Sina kinyongo naye. Lakini Kabibi wangu naye alikuwa binti wa watu. Na huyu mdogo wake ana mimba. Atazalia wapi?

Kahonzi akamshika mkono yule mjamzito, akamketisha karibu naye.

Siku zikapita, namba ya Mueni haipatikani. Kahonzi alikuwa amempelekea habari mama yake Mueni, na kila asubuhi simu ya mama huyo kutoka Kibwezi iliingia kabla Kahonzi hajanywa chai.

—Mwanangu amekuongelesha?

—Bado, mama.

—Lakini ulisema yuko hai.

—Aliniandikia mwenyewe, mama. Tuvumilie.

Siku moja, baada ya simu hiyo, Kahonzi alijifungia stoo ya dawa akampigia Baya. Hawakuwa wamezungumza kwa muda.

—Baya, tumemuua.

—Usiseme hivyo.

—Mimi ndiye niliyemuuliza. Alisema watampiga, na bado tukasema. Kama amekufa, nimemuua mimi, na zahanati bado ina giza. Tumefanya nini sisi?

Baya alikata simu, akaja. Aliketi naye kwenye sakafu ya stoo, katikati ya maboksi. Hakumwambia kila kitu kitakuwa sawa, na Kahonzi alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Mvua zilikuwa zimeanza simu ilipoingia kwa namba ngeni.

—Dada Kahonzi?

—Ndiye. Nani mwenzangu?

—Ni Mueni. Watetezi wa wafanyakazi wametutoa, dada. Si sote. Wengine walihamishwa kabla hawajafika, hatujui wapi. Lakini mimi narudi nyumbani.

Kahonzi alipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje.

Walimpokea uwanja wa ndege wa Mombasa pamoja na mama yake, aliyemkumbatia akakataa kumwachia. Mueni alikuwa mwembamba, vidole vimejaa makovu ya vioo. Alimkumbatia Kahonzi pia. Kwa Baya alisimama mbali kidogo.

—Siku ile uliyokuja, alimwambia, kesho yake tulipewa nyama. Hatukuwa tumeonja nyama tangu tufike. Msimamizi alisema tule, mgeni amenunua paneli. Nikajua umesaini. Nikaila hivyo hivyo, nilikuwa na njaa.

—Nisamehe, Baya alisema, machozi yakimlenga.

—Sijui kama naweza. Wageni wengi walipita pale, na wewe ndiye uliyesema. Hilo nalijua. Lakini nilikungoja sana, kaka.

Wakashika njia ya kurudi Malindi. Walipofika Kilifi Baya aliuliza:

—Kahonzi, bado unanipenda?

—Kupenda sijaacha hata siku moja. Ninaloogopa ni lile utakalofanya mahali nisipokuwepo. Nenda kwa baba ukanipose upya. Mwambie yote, na ile sahihi pia.

Akaenda, peke yake, bila wazee wa kumsemea. Mzee Ngumbao alimsikiliza, Kahonzi ameketi kando ya babake. Baya alieleza kiwanda, kola ya Mueni, kalamu, duka lililofungwa. Alieleza kwamba alikuwa akitafuta paneli kwingine, kidogo kidogo, na kwamba zahanati ingali kizani.

—Nina swali moja, mzee alisema. Kama binti yangu asingeusoma ule ujumbe, ungesema?

Mama jikoni akaacha kupakua. Kahonzi akakaza macho usoni mwa Baya. Kusema "ndiyo" kulikuwa rahisi mno, na hakuna ambaye angeweza kumbishia.

—Sijui, baba, Baya alijibu. Nimejiuliza kila siku. Sijui.

Kahonzi akainuka, akavuka mkeka, akaketi upande wa Baya, bega kwa bega.

—Baba, alisema, huyu wa leo ndiye ninayemtaka.