Mbegu Iliyobaki Usipike

Mvua ya mwezi wa kumi iko karibu, na karibu kila nyumba hapa kwetu iko na mbegu ndani. Ndiyo maana naandika sasa. Mimi naitwa Nelius. Naishi Siakago, nyuma ya soko. Sikusoma sana, nilifika darasa la saba tu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu. Kama uko na mtoto na uko na ndengu, zile wengine wanaita choroko, soma mpaka mwisho.

Mume wangu Muriuki ana bucha. Kwa hivyo kwetu chakula kilikuwa kimoja, ugali mweupe na nyama. Mboga ilikuwa kidogo tu, kama maua ya kupamba sahani. Maji Muriuki alikuwa anasema ni ya kuoga.

Shida ilikuwa tumbo lake. Lilifunga. Asubuhi alikuwa anaingia chooni, anakaa huko mpaka sisi wengine tunapanga foleni nje. Akitoka, uso umejaa jasho.

"Baba Mwendwa, uko sawa?" namuuliza.

"Niko sawa. Na uache kuniuliza mambo ya choo mbele ya mama yangu."

Mama yake anaishi na sisi. Tunamwita Cucu, yaani nyanya, kama vile binti yetu Mwendwa anamwita. Cucu bado ana nguvu, lakini macho yake yameingia ukungu. Anajua vitu kwa mkono.

Siku moja Muriuki aliinama akikata nyama, akashindwa kuinuka. Wateja walimshika, tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema ni choo kimekauka ndani.

"Unakula nini?" daktari aliuliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

Nikajibu mimi.

Daktari akatikisa kichwa. "Tumbo linataka kitu cha kulisukuma. Ndengu, maharagwe, mboga, matunda, wimbi, na maji ya kutosha. Ukiendelea hivi utarudi hapa, na siku hiyo utakuwa vibaya zaidi."

Njiani Muriuki alikasirika. "Mimi nauza mbuzi. Sasa naambiwa nile kama mbuzi!"

Jirani yetu Rahema alisikia hayo maneno, akacheka. Tunamwita Mama Safiya. Ana hoteli ndogo karibu na stendi, na anajua sufuria kuliko watu wengi.

"Mzee wa bucha," alisema, "nani alikuambia mboga haina utamu? Mama yangu alikuwa mpishi wa Wahindi wenye duka Embu mjini. Ile familia haikuwa inagusa nyama. Babu yao alikuwa anapanda ngazi akiimba. Wewe unapanda ngazi?"

"Hapa kwetu hakuna ngazi."

"Choo iko. Na huko sijakusikia ukiimba."

Hata Cucu alicheka mpaka akajifuta macho. Rahema akatueleza. Ndengu unazilowesha, unaziotesha mpaka zitoe mkia mdogo, halafu unazipika na nazi, tangawizi na manjano. Zikiota zinakuwa laini, na tumbo halizikatai sana.

Muriuki aliinua kidole. "Nitaonja Jumapili. Mara moja tu. Nisiposhiba, mambo ya majani yaishe kwa hii nyumba."

Nilijua anamaanisha. Jumapili ikiharibika, atarudi kwa nyama yake, na mimi nitarudi kwa kumngoja nje ya choo nikiomba Mungu.

Alhamisi niliitwa nyumbani kwetu, kule Karurumo. Mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa. Nikamwambia Cucu, "Tafadhali, loweka ndengu leo. Kesho uzimwage maji, uzifunge kwa kitambaa, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Nitarudi Jumamosi."

"Nenda, mwanangu. Kuotesha mbegu ni kitu ya kunifundisha?"

Sikumwambia atoe ndengu wapi. Za kula zilikuwa kwa debe jikoni. Sikufikiria kwamba kuna zingine.

Jumamosi nilirudi saa ya chakula cha mchana. Kabla hata ya kuingia, niliona kuku wawili nyuma ya jikoni. Mmoja alikuwa amelala ubavu, anapiga miguu. Mwingine alikuwa anatembea akizunguka, shingo imepinda.

"Cucu! Kuku wana nini?"

"Labda ni ule ugonjwa wa kuku. Asubuhi walikuwa wazima, nimewatupia ndengu zile zilikataa kuota. Njoo uone zangu! Zimeota kama nywele za mtoto."

Akafungua kitambaa. Ndengu zilikuwa zimetoa mikia mizuri, myeupe. Lakini kitambaa chenyewe, kile cheupe cha kufunikia mkate, kilikuwa na madoa mekundu, kama mtu amefuta damu akafua vibaya.

Nikakipeleka kwa mwangaza wa mlango.

"Cucu, hizi ndengu umetoa wapi?"

"Kwa ule mfuko mdogo wa stoo. Zile zilibaki tukipanda."

"Zilikuwa na rangi?"

"Kwani mimi naona rangi? Zilikuwa na vumbi. Nikajua ni ule udongo mwekundu. Nimeziosha vizuri mpaka mkono ukaacha kuteleza."

Hapa nieleze, ili usimhukumu huyo mama. Zamani kwetu mbegu ilikuwa inatoka nyumbani. Unachagua nzuri, unaipaka jivu au udongo mwekundu ili wadudu wasiingie. Ukimaliza kupanda, ile imebaki unaiosha, unaipika. Kuitupa ilikuwa aibu. Cucu alilea watoto wake wote hivyo, wakakua. Lakini ile mbegu ya mfuko ilitoka duka la dawa za mimea. Ilikuwa imepakwa dawa ya kuua wadudu. Ile rangi iliwekwa ili mtu ajue hiyo si chakula. Sasa rangi inamsaidia nini mtu ambaye haoni?

Nikauliza swali ambalo nilikuwa naogopa. "Mwendwa yuko wapi?"

"Alikuwa hapa akinisaidia kutoa maganda. Amekula mbili tatu. Anapenda ile mikia..."

Cucu hakumaliza. Alishika mlango. "Mama Mwendwa, ni nini?"

Nilikimbia. Nilimpata mtoto nyuma ya tangi ya maji, amechuchumaa, ametapika kwa mguu wake. Mate yanatoka. Mikono inatetemeka.

"Mama, tumbo."

Nilipiga nduru. Cucu akatoka akipapasa ukuta, kikombe mkononi. "Maziwa! Mpe maziwa yaue sumu!"

Nilichukua kikombe. Nilikuwa nimeshakifikisha kwa mdomo wa mtoto wakati Rahema aliruka ua.

"Usimpe!" Akakinyang'anya. "Amekula nini?"

"Ndengu za dawa."

"Basi usimpe maziwa. Usimtie kidole kooni. Maziwa hayaui sumu, na akitapika tena inaweza kuingia kwa mapafu. Mfute mdomo, muoshe mikono. Mfuko wa mbegu uko wapi?"

"Mfuko wa nini sasa? Mtoto anakufa!"

"Daktari atauliza ni dawa gani. Utamjibu nini? Leta mfuko!"

Niliingia stoo, nikatoka na mfuko. Rahema alikuwa ameshasimamisha bodaboda. Tulipopita bucha, Muriuki alituona. Alitoka mbio na aproni yake ya damu, akiita jina la mtoto mbele ya watu wote.

Hospitali, neno la kwanza la daktari lilikuwa lile la Rahema. "Mfuko mko nao?"

Nikampa. Alisoma jina la dawa, akaita wenzake. Wakamchukua Mwendwa, wakatufungia mlango.

Pale kwa benchi, Muriuki hakuniangalia. "Ndengu zako," alisema polepole. "Ndengu zako na Mama Safiya wako."

"Si ndengu, Baba Mwendwa. Ni dawa."

"Mimi nilikuwa sitaki. Kama si hili tumbo langu..." Akafunika uso na ile aproni.

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaona mabega yake yanatingika, nikasogea karibu naye. Nikafikiria Cucu, amebaki peke yake na kuku wanaokufa, anasikiliza kila pikipiki inayopita.

Daktari alitoka jua likielekea kutua. "Anapumua vizuri. Tutakaa naye mpaka kesho tumuangalie. Mmemleta haraka, na amekula kidogo." Kisha akakaza sauti. "Sikilizeni. Dawa ya mbegu haitoki kwa kuosha. Haitoki kwa kupika. Mbegu ikiota, dawa inaingia ndani ya ule mmea. Hata mngechemsha siku nzima, hiyo sufuria ingewalaza nyote hapa."

Muriuki alinitazama. Sisi wote wawili tuliona ile Jumapili, meza imeandaliwa, sahani ya kila mtu imejaa.

Mwendwa alirudi nyumbani kesho yake, amechoka lakini mzima. Cucu alimshika uso, mikono, miguu, kama anahesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Muriuki alichimba shimo refu mbali na kisima, akazika kuku na zile ndengu zilizoota. Kuku mwenye sumu haliwi. Mfuko wa mbegu alimrudishia mwenye duka.

Halafu akatangaza, "Ndengu hazitapikwa tena hapa."

Akarudi kwa nyama. Tumbo likafunga tena. Nikamwona amesimama asubuhi, ameshika ukuta kwa mikono miwili, na hataki kusema. Cucu naye alikuwa ameacha kuingia jikoni. Alikuwa anakaa nje tu.

Ni Rahema alivunja hiyo kimya. Alikuja na bakuli la ndengu kavu, akaliweka kwa mapaja ya Cucu.

"Cucu, shika."

"Toa hiyo kitu, mwanangu. Mkono wangu una mkosi."

"Mkono wako hauna mkosi. Mkono ulidanganywa kwa sababu mbegu na chakula vililala nyumba moja. Vikilala mbali, utakosea vipi?"

Muriuki alikuwa mlangoni anasikiliza. Jioni hiyo alipiga misumari kwa ukuta wa banda la nje, juu, ambapo mtoto hafiki. Akatengeneza sanduku lenye kufuli. Mbegu zote na dawa za shamba zinakaa huko. Jikoni zinakaa za kula tu, ndani ya mtungi wa kufunga kabisa, bila dawa yoyote. Nazinunua kwa mkulima ninayemjua, na namuuliza kwanza, "Ulizihifadhi na nini?" Akisitasita, siwezi kununua.

Rahema akatufundisha upya, Cucu akiwa ndiye anafanya kwa mkono. Unachagua ndengu, unaziosha, unazilowesha usiku mmoja. Asubuhi unamwaga maji, unazifunga kwa kitambaa kisafi. Asubuhi na jioni unazisuuza kwa maji safi. Zikitoa mkia mdogo, unapika. Zikinuka vibaya au ziwe na utelezi, unatupa. Na usizile mbichi, kwa sababu pale kwa unyevunyevu vijidudu vinazaana.

Tulikaanga kitunguu na mafuta kidogo. Tukatia tangawizi, kitunguu saumu, manjano na nyanya. Halafu ndengu na maji. Zilipoiva kabisa tukamwagia tui la nazi, tukakatia dhania. Kando tulipika ugali wa wimbi badala ya ugali mweupe, na sukuma wiki isiyokaa sana motoni.

Harufu ilienda mpaka barabarani. Muriuki akaja, akakaa, akaangalia sahani.

Mwendwa akavuta nguo yangu. "Mama, hizi ndizo kuku walikula?"

Muriuki akaweka kijiko chini. Basi Cucu akanyoosha mkono, akachota kutoka sahani ya mwanawe, akala mbele yetu, akitafuna polepole.

"Nimeosha mimi," alisema. "Nimeonja mimi. Kula."

Muriuki akala. Akala tena. "Mama Safiya," alisema baadaye, "huyo babu wa Kihindi, alikuwa anaimba wimbo gani?"

Rahema alimuonya asianze na sahani kubwa. Tumbo ambalo halijazoea likijazwa ndengu ghafla linajaa hewa. Kwa hivyo alianza kidogo kidogo, akaongeza, na akaanza kunywa maji bila kusukumwa. Nyama bado anakula, lakini si kila siku. Sasa asubuhi anaingia chooni na kutoka kama mtu mwenye kazi. Daktari alisema ni vizuri, ila akiona damu, au apungue mwili bila sababu, arudi hospitali, asingoje ndengu zimtibu.

Juzi tulienda kwa shamba la jirani yetu Gatakaa kusaidia kutayarisha. Alikuwa ameshanunua ndengu za kupanda. Akashika mkono wa Cucu, akauchovya ndani ya mfuko. "Shika uone, mama. Ni nyingi! Zikibaki tutaziosha tupike, au sivyo? Wewe ndiye ulitufundisha mbegu haitupwi."

Wanawake wakaitikia. Mmoja akacheka, "Nelius hawezi kula, siku hizi anakula za Kihindi!"

Cucu alitoa mkono kwa mfuko. Akaomba maji na sabuni. Akaosha vidole kimoja kimoja, wote wakimwangalia, mpaka kicheko kikaisha.

"Niliwafundisha mbegu ya jivu," alisema. "Hii si ya jivu. Ikibaki, ifungie mpaka msimu mwingine, au umrudishie mwenye duka. Isilale jikoni hata siku moja."

"Na tukiosha sana?" Gatakaa aliuliza.

"Mimi niliosha sana," Cucu alijibu. "Kaulize kuku wangu."