Safu ya Mama

Fundi cherehani alikuwa na mdogo wake, mwalimu wa shule. Mwalimu alikuwa akiandika daftari la ukoo wao. Kila Jumapili jamaa walijaa sebuleni wakamsikiliza kimya. Fundi naye aliwashonea jamaa hao nguo tangu utotoni. Nani aliwahi kunyamaza kwa ajili ya pindo lake?

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alinung'unika, huku akikanyaga cherehani kwa nguvu. Wivu ulikuwa umemjaa.

Siku moja alifunga duka mapema, akaenda ofisi ya kanisa. Aliomba kitabu cha zamani cha ubatizo. Alitaka kosa la mdogo wake, na akaona amelipata. Katika daftari, marehemu baba yao na shangazi yao walikuwa watoto wa Karoli. Lakini kitabuni, baba yao aliandikwa mtoto wa Caroli. Kwa shangazi, baba aliandikwa Carolus. Fundi alinakili majina hayo mawili tu.

Jumapili akasimama. "Mwalimu wenu amekosea. Baba na Shangazi hawakuzaliwa na baba mmoja."

Shangazi aliweka kikombe chini, akachukua mkoba wake. "Kumbe miaka yote nimekuwa mgeni hapa," alisema, akaondoka. Hakuna aliyemsifu Fundi.

Kesho yake alirudi kanisani, amejiinamia. Mama mtunza vitabu alisoma karatasi yake, akatabasamu.

"Mapadri wa zamani waliandika kwa Kilatini, mwanangu. Karoli wa nyumbani aliitwa Carolus kitabuni. Caroli ni 'wa Carolus'. Yohana utamkuta Ioannes, Yakobo utamkuta Jacobus. Jina likibadilika, usiseme mtu amebadilika."

"Nitajuaje basi kuwa ni mmoja? Akina Karoli ni wengi."

"Vizuri umeuliza. Jina peke yake si ushahidi. Tazama mama, mtaa, tarehe, na msimamizi wa ubatizo. Nakili jina kama lilivyo, usilirekebishe. Pembeni andika la nyumbani, na alama ya kuuliza mpaka upate uhakika." Akafungua kitabu. "Safu ya mama hii hapa. Kote ni Elisabeth. Mtaa uleule. Msimamizi ni mkunga yuleyule. Wewe safu hii hukuiona?"

Fundi alichukua karatasi yake, akaikunja.

"Niliiona," alisema. "Niliiruka. Nilimwonea wivu mdogo wangu."

Mtunza vitabu hakumsuta. Alimpa kalamu. "Nakili mstari mzima."

Jioni Fundi alimpelekea mwalimu karatasi, akamweleza yote bila kuficha. Mwalimu alikasirika, na alikuwa na haki. Halafu aliisoma karatasi mara mbili.

"Dada, hata mimi sikunakili majina ya kitabuni. Niliandika ya nyumbani tu. Ndiyo maana sikuwa na la kukujibu."

Wakaenda pamoja kwa Shangazi. Bibi huyo alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari polepole, mpaka kwenye jina la mama yake.

"Safu hii uliiona siku ile?" alimuuliza Fundi.

"Niliiona, Shangazi."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Basi Jumapili hii asisome mwalimu. Usome wewe, mbele ya walewale. Mimi nitakaa mbele."

Jumapili sebule ilijaa. Daftari sasa lilikuwa na safu mpya: jina la kitabuni, jina la nyumbani, mama, mtaa, tarehe, msimamizi. Shangazi alikaa kiti cha mbele, mkoba wake ameutundika ukutani. Watu wote walinyamaza wakimtazama Fundi. Ukimya huo aliutamani miaka mingi.

Akafungua daftari.

"Naanza na kosa langu," alisema.