Jina la Kanga Nililolifuta Likarudi

Nna miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne, na nakaa na wazazi wangu Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Mimi si msemaji. Skuli wananiita Bubu, na siwalaumu… mwalimu akiniuliza jambo, jawabu nnalo, lakini likifika kooni linakwama. Ninayoyahisi huyaandika kwenye daftari langu. Haya nawaandikia nyinyi, kwa sababu daftari limeshindwa kunibebea.

Nlikuwa na dada mmoja tu, Nadra. Yupo hai, alhamdulillahi! Nasema "nlikuwa" kwa vile alivyokuwa wangu. Kanizidi miaka saba. Tukilala kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenichana na kunisuka nywele tangu nna meno ya utoto, kwa kitana chetu kimoja, na kila Alkhamisi jioni akinichukua Forodhani tukala urojo, bakuli moja, vijiko viwili. Alipochumbiwa na kijana wa Kiembe Samaki nlifurahi naye. Wallahi nlifurahi.

Kisha akaja Ilham.

Ilham ni mdogo wake bwana harusi. Ni rika langu, lakini Mungu kampa yote niliyoyakosa mimi: ulimi, kicheko, uso usioona haya. Mara ya kwanza kuja kwetu ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Kambusu Mama mkono, kavua buibui, kaingia jikoni kusukuma chapati bila ya kuambiwa!

"Huyu mtoto ana baraka, huyu," Mama akasema.

Miaka kumi na saba nimo jikoni mle. Sijawahi kusikia kuwa nna baraka.

Niwaeleze na jambo moja lililokuwa langu. Mambo yote ya harusi yalikuwa kwenye faili moja la mtandaoni, nililolifungua mimi kwa kompyuta aliyoninunulia Baba kwa ajili ya masomo. Mlikuwa na majina ya waalikwa, zamu za kupika, na ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa wa sare: rangi ya kanga watakazovaa kina mama wa pande zote mbili, pamoja na jina la kanga, yaani yale maneno yanayochapwa juu yake. Nadra hayajui sana mambo hayo. Akiniita mimi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo kwenye harusi ya dada yangu!

Ijumaa ileile Nadra akaniambia, "Mfungulie na wifi yangu, naye aandike."

Nikamfungulia. Ningefanya nini?

Walipotoka kumsindikiza, nlibaki na kompyuta yangu. Penye jina la kanga palikuwa patupu, hatujachagua. Vidole vikaenda vyenyewe. Nikaandika:

MGENI HAJAKAA, KASHAJIFANYA MWENYEJI.

Nikayatazama maneno yangu. Yalinipoza moyo kama barafu… Dakika tano, pengine. Niliposikia viatu vya Nadra ngazini nikayafuta, pakawa patupu tena. Nkadhani yamekwisha.

Wenzangu, faili la mtandaoni halisahau! Karatasi ukiichoma imeungua. Lile huweka kila sura liliyokuwa nayo, ya jana, ya juzi, ya saa hii na saa ile, na jina la aliyeandika likakaa pembeni. Nlikuwa nayajua hayo, mwalimu wa kompyuta katusomesha. Lakini nani hukumbuka somo akiwa na donge moyoni?

Wiki mbili zilizofuata, kila nikifungua faili nakuta mkono wa Ilham. Kapanga upya waalikwa. Kabadilisha zamu. Na jina la kanga wakalitunga wao wawili: HATUKUTOA BINTI, TUMEPATA NA KIJANA. Zuri, sikatai. Mnajua walilitungia wapi? Forodhani, siku ya Alkhamisi! Niliona picha kwenye simu ya Nadra. Urojo. Bakuli moja… vijiko viwili.

Nlikwenda chooni nikafungulia maji ili Mama asinisikie ninavyolia.

Jumamosi asubuhi nikafanya nililolifanya. Nlitaka faili lirudi lilivyokuwa kabla ya Ilham. Kwa siku moja tu! Nadra alifungue, akute limevurugika, aniite, "Mdogo wangu, njoo unisaidie." Mimi nije nilirejeshe sawasawa, anione nna maana. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo.

Nikafungua historia ya faili, nikaitafuta ile Ijumaa. Zilikuwepo sura kadhaa za siku hiyo, zimepishana kwa dakika tu. Nikachagua moja. Nikatazama ukurasa wa kwanza: waalikwa wamo kwa mpango wangu, Ilham hayumo. Moyo ukaburudika, nikabonyeza kurejesha. Sikushuka mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa nini sikushuka? Hadi leo najiuliza!

Mama akanituma nazi Darajani. Kurudi, namkuta Nadra ukumbini anapakwa singo ya kumng'arisha bi harusi, mikono yote ya manjano.

"Yule mzee wa duka la kanga kapiga simu," akaniambia. "Leo anapeleka oda kiwandani. Nshamtumia nakala ya lile faili, hata sikulitazama. Kaniuliza, 'Bi harusi, jina ndilo hilihili?' Nkamwambia ndilo hilohilo, baba, chapa! Kacheka huyo… kasema kina mama wa siku hizi wakali."

Wakali? Nikakimbilia kompyuta, nikashuka mpaka chini. Yalikuwepo! Maneno yangu, herufi kubwa, yananitazama. Katika sura zote za Ijumaa ile nliichagua ya dakika zile tano.

Nikalirejesha faili kwenye sura iliyo sahihi, ile ya mwisho waliyoiandika wao. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Kisha nikavaa buibui nikaenda mbio mpaka dukani. Nlitakiwa niseme neno moja tu: "Badilisha." Mzee yumo ndani na wateja wawili. Akanitazama juu ya miwani.

"Naam, binti, unataka nini?"

Nikasema… "Nnatazama tu." Nikarudi nyumbani! Ndugu zangu, nlikuwa hatua tatu kutoka kwenye wokovu wangu, nikageuka.

Kanga zilipofika, nusu ya robota zilipelekwa moja kwa moja Kiembe Samaki. Bi Raya, mama yake bwana harusi, alizifungua mbele ya dada zake. Siku hiyohiyo akaja kwetu, doti moja mkononi, hata viti hakuvitaka.

"Sisi kwetu hatujui mafumbo," alimwambia Mama. "Huyo mgeni ni nani? Ni mwanangu Ilham aliyekupikieni chapati? Mngeniambia tu, ningemweka kwake!"

Nadra akaapa kuwa hajayaandika maneno yale. Akachukua simu, akafungua faili, akamwonesha Bi Raya: tazama Mama, sisi tuliandika hivi, hatukutoa binti, tumepata na kijana!

Bi Raya akacheka kwa uchungu. "Ushatengeneza sasa, ndiyo unanionesha. Mkwe mwenye ulimi nitamvumilia. Mkwe mwongo sitaki."

Harusi ikasimamishwa. Mnaona nililolifanya? Kule kurejesha kwangu kwa siri ndiko kulikomfanya dada yangu mwongo! Siku nne Nadra hakula. Simu ya mchumba wake haikuita. Alilala kanipa mgongo, si kwa kunishuku, bali kwa kulia. Na mimi nilikuwa pale pale, nimeumeza ulimi.

Siku ya tano Bi Raya akaja tena, na Ilham nyuma yake. Amekuja kuivunja harusi kabisa. Nadra alikaa pembeni ya mkeka, kajiinamia. Nkamtazama shingo yake, ilivyokuwa nyembamba… nikainuka. Nikaleta kompyuta, nikaiweka katikati ya mkeka. Nikafungua historia, nikaitafuta Ijumaa ile, zile dakika tano. Maneno yalitokea, na jina langu pembeni. Nikamgeuzia Bi Raya, nikitumai kuwa macho yake yatanimalizia kazi.

"Miwani sikuchukua," akasema. "Nisomee."

Basi Mungu alikuwa hataki niponee kwenye kimya! Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno. Nikasoma na jina langu, kama la mtu mwingine.

"Ni mimi," nikasema. "Nadra hajui kitu. Nlimwonea wivu Ilham."

Aliyezungumza kwanza ni Ilham, akitazama mkeka.

"Mimi nnajua. Siku ile nlilifungua kwenye simu, hata Darajani sijafika. Nkaziona herufi zinakuja mojamoja… kisha zikafutika. Nkasema, basi, kafuta, yamekwisha."

"Na ukanyamaza?" Bi Raya akamaka. "Watu tunavunjiana harusi, wewe unanyamaza?"

"Nlimngoja aseme mwenyewe, Mama. Leo asingesema, ningesema mimi."

Kumbe alijua! Alijua tangu siku ya kwanza, na bado akija kwetu, akinisalimia, akinisogezea sahani. Mimi nlimchukia kwa chapati, yeye alinisamehe tusi. Niliyemrudishia tusi lile ni mimi mwenyewe.

Harusi ilifungwa. Sare haikuwepo; kila mwanamke alivaa kanga yake, na watu waliuliza hadi wakachoka. Ilham ndiye aliyekaa ubavuni kwa Nadra. Wakati wa kuondoka, Nadra alimkumbatia kila mtu. Mimi alinigusa kichwani, kama unavyomgusa mtoto wa jirani, akapita.

Zile kanga Mama hakuzitupa. Alinipa. "Vaa wewe, si maneno yako?" Nazivaa nyumbani, nikifagia, nikipika.

Alkhamisi iliyopita mlango uligongwa. Nkafungua, na kanga ile kiunoni. Nadra! Kaisoma, kanitazama.

"Karibu, dada," nikamwambia.

"Usinikaribishe," akasema. "Mimi hapa si mgeni."

Akapita kwenda kwa Mama. Kitana chetu nlikuwa nimekiweka dirishani, pale anapopita. Alikiona. Hakukichukua.

Wasichana wenzangu, nawaomba kwa jina la Mungu. Wivu ukikujia, mwambie unayempenda: nnaona wivu, usinisahau. Utaona haya, lakini haya haiui! Usiende kuuandika mahali ukadhani utaufuta. Na ukiwa umeshakosea, usirekebishe kwa siri mwenzio akabaki anaitwa mwongo. Sema siku ileile, mlango wa duka ukiwa bado wazi.

Faili lile bado ninalo, sahihi, halina kasoro hata ya nukta. Na kitana kipo dirishani.