Aliyekuwa Chini ya Sakafu ya Pruitt

Nyayo zilikuwa za mguu mtupu, bado mbichi, rangi yake kama nyongo. Zilipanda kutoka chumba cha chini ya ardhi hadi katikati ya ukumbi ambao Russell Pruitt alikuwa ametoka kuupiga deki asubuhi ile. Za kurudi hazikuwepo.

"Bomba bovu," akasema, akazifuta kwa tambara.

Kudharau ndiyo ilikuwa kazi yake Russell. Alilinunua jengo hilo mjini Tolliver, Ohio, aligeuze ukumbi wa harusi. Zamani lilikuwa kiwanda cha kupaka bampa za magari kromu, madini ya kung'arisha chuma. Wakili wake alimsihi apime udongo kwanza.

"Udongo ni udongo!" Russell akamcheka, akatia saini.

Wiki ya pili ikaja harufu ya lozi chungu. Ikaja pia jirani, Bi Odessa Tharp, mjane wa miaka sabini na ushei.

"Mume wangu Clyde aliingia zamu humu mwaka themanini na moja, hakutoka," alisema mlangoni. "Wenye kiwanda wakatangaza katoroka na mwanamke. Clyde! Hata kwa kinyozi alikuwa haendi bila kuniaga."

"Labda mapishi yako yalimshinda, bibi."

Odessa alimtazama kama mtu atazamavyo alichokikanyaga. Akaenda zake.

Majirani walilalamikia ile harufu, na mkaguzi wa mazingira wa serikali kuu, Marisol Quintero, akaja kuchota udongo na maji. Majibu yalipotoka alirudi.

"Sumu ya kiwanda imefika visimani. Wewe ndiye mmiliki, bwana Pruitt. Kusafisha ni juu yako."

"Mimi sikumwaga hata tone!"

"Sheria haijali. Waliomwaga nao wanawajibika, lakini kampuni ilishakufa. Ungekagua kabla ya kununua, ungekuwa na pa kujitetea. Ulikagua?"

Russell akaikunja karatasi ya majibu, akaitia mfukoni.

"Basi chumba cha chini usikiguse."

Alikigusa. Mchana huohuo, jua likiwaka nje, alishuka na mifuko ya saruji aizibe ile sakafu, aseme hakuna kitu. Akamwaga, akasawazisha, akasikia kugonga, mara tatu, polepole, kutoka chini. Akajiambia ni saruji inapumua, lakini kugonga kukasogea, kukamfuata alikosogea, na harufu ya lozi ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na pale alipogeuka akimbilie ngazi saruji mbichi ikatumbuka kama uji unaochemka, ukatoka mkono wa kijani usio na kucha, ukamkamata kifundo cha mguu, na sauti ikamnong'oneza kutoka chini maneno manne ambayo yeye, bwana mkubwa wa dharau, aliyasikia huku akijikojolea.

Alitoka akitambaa. Akampigia Quintero simu akilia kama mtoto: "Chimbeni! Chimbeni yote!"

Wakaja watu wa mavazi meupe na barakoa. Siku ya nne wakatoa pipa lililochomelewa kifuniko. Ndani mlikuwa na mifupa ya kijani, na mshipi wenye jina la Clyde Tharp. Harufu ikakatika palepale, kama mtu kazima taa.

Odessa alisimama kwenye uzio, hakulia. Russell akamsogelea akichechemea.

"Bibi... nisamehe. Alinituma. Kasema, 'Mwambie Dessa, sikutoroka kamwe.'"

Mjini hapo hakuna aliyejua jina hilo la Dessa. Odessa alikuwa akiitwa hivyo na mtu mmoja tu, chumbani.

"Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Waliokuwa wakinicheka kanisani ndio hawakujua."

"Na alama ya mkono wake haitoki. Madaktari wamesugua wakachoka." Russell akapandisha suruali. Kifundoni palikuwa na vidole vitano vya kijani, dhahiri kama vimechorwa leo.

Odessa akapiga magoti taratibu. Akaweka vidole vyake juu ya vile vitano, kimoja kimoja, akaushika ule mkono wa mumewe.

"Bibi, mguu wangu..."

"Nyamaza," akamwambia, bila hata kuinua uso. "Hakuja kwa ajili yako."

Russell akasimama hivyohivyo mpaka mama yule akatosheka.