Neno Hatari Ukutani

Masinde na mkewe Nasike walitoka Bungoma wakaja Kampala kutafuta maisha. Sasa wana karakana ya milango ya chuma huko Ntinda. Masinde huchomelea chuma. Nasike hupaka rangi. Kila asubuhi wanasali pamoja, kisha wanaanza kazi.

Juzi cheche iliruka ikaunguza leso ya Nasike. Aliizima kwa mkono, lakini hofu haikumtoka. Masinde naye aliogopa. Akachukua brashi, akaandika HATARI kwenye mtambo wa kuchomelea, kwenye msumeno, kwenye mikebe ya rangi, hata ukutani.

"Bado sufuria ya ugali," Nasike alimwambia.

Jirani yao Alanyo alikuja kuulizia geti lake. Yeye husimamia usalama wa wafanyakazi kwenye jengo linalojengwa huko Mbuya. Alizunguka akisoma maandishi, akatabasamu.

"Ssebo," alimwambia Masinde, yaani bwana kwa Kiganda, "umeandika hatari kila mahali. Sasa ipi itaumiza mtu kwanza?"

Masinde alionyesha nyaya za umeme juu ya barabara. Zile huua mara moja, alisema.

"Kweli, zinaua. Lakini nani hapa huzifikia?"

"Hakuna."

"Basi madhara ni makubwa, lakini uwezekano ni mdogo. Pima vyote viwili. Kitu hiki kinaweza kuumiza vipi? Na ni rahisi kiasi gani jambo hilo litokee hapa, kwa kazi yenu?"

Nasike alipenda maswali hayo. Akaenda kwenye msumeno. Ungeweza kukata kidole, lakini ulikuwa na kifuniko, tena hawakuutumia sana. Kisha akafika kwenye mkebe wa thina, maji makali ya kuyeyushia rangi. Alanyo akamweleza kwamba hata mvuke wa thina hushika moto. Mkebe ulikuwa wazi, karibu na mahali Masinde anapochomelea kila siku.

Nasike akarudi nyuma hatua moja.

"Hii inaweza kuniua," alisema. "Na ni rahisi itokee. Hata leo."

Masinde alisema atamnunulia glavu nene. Alanyo akakataa. Glavu ni kinga ya mwisho, alieleza. Kwanza ondoa kitu cha hatari. Kama unakihitaji, kiweke mbali na moto.

"Lakini sisi tunasali," Masinde alisema kwa sauti ya chini.

"Tuendelee kusali," Nasike akamjibu. "Ila tusimpe Mungu kazi ya kuzima moto tunaouwasha wenyewe."

Siku ileile walihamisha rangi na thina nyuma ya ukuta, penye hewa nyingi, mbali na cheche. Kila mkebe ukafunikwa. Masinde akafuta maandishi yake karibu yote. Alibakiza HATARI kwenye thina, ili mtu akiliona neno hilo asimame.

Kisha akarudi kwenye geti la Alanyo. Cheche zikamwagika kwenye sakafu tupu, zikazimika zenyewe. Nyuma ya ukuta, Nasike alikuwa anapaka rangi huku akiimba pambio.